Maumivu ya Hedhi na Njia za Homoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Dawa huweza kuwa na kazi nyingi lakini ikaitwa kwa jina la kazi moja tu, na jina hilo likishazoeleka ni shida kuling'oa. Vidonge, sindano, vipandikizi na vitanzi vyenye homoni vinajulikana kama njia za uzazi wa mpango. Kwa hiyo msichana anayeandikiwa vidonge hivyo kwa sababu ya tumbo la hedhi hujiuliza kama daktari amemwelewa, na mama yake hujiuliza mengine zaidi. Majibu yafuatayo yanahusu matumizi hayo ya pili, yaani kutuliza maumivu ya hedhi, kwa anayehitaji kuzuia mimba na kwa asiyehitaji.

Kwa nini hedhi inauma?

Kila mwezi ukuta wa ndani wa mji wa mimba huongezeka unene ili uwe tayari kupokea mimba. Mimba isipotungwa, kiwango cha homoni ya projesteroni hushuka, na ukuta huo unapoanza kubomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Kazi ya kemikali hizo ni kuufanya msuli wa mji wa mimba ujikaze na kusukuma damu nje. Zikiwa nyingi, msuli hujikaza kupita kiasi hadi ukaibana mishipa yake wenyewe ya damu, na msuli uliopungukiwa na oksijeni huuma, kama mguu unavyouma unapokamatwa na mkakamao usiku. Prostaglandini nyingine huingia katika mzunguko wa damu, na ndiyo maana wapo wanaotapika, wanaoharisha na wanaoumwa kichwa siku ya kwanza ya hedhi. Msichana anayesema kwamba hedhi humfanya aharishe hadeki, bali anaeleza jambo ambalo lina maelezo yake mwilini.

Nitajuaje kama maumivu yangu ni ya kawaida?

Neno "kawaida" limewachelewesha wengi. Jambo kuwapata watu wengi hakumaanishi kwamba halina tiba, wala kwamba anayelipata anapaswa kulivumilia. Swali la maana zaidi ni hili: je, maumivu haya yana chanzo kingine nyuma yake?

Maumivu yasiyo na ugonjwa mwingine kwa kawaida huanza ndani ya mwaka mmoja au miwili baada ya kuvunja ungo. Huja pamoja na damu au saa chache kabla yake, hushika tumbo la chini na pengine kiuno na mapaja, na hupungua ndani ya siku 1 hadi 3. Mtindo wake hubaki ule ule mwezi hadi mwezi.

Maumivu yenye chanzo kingine huwa na sura tofauti. Huanza siku kadhaa kabla ya damu, huzidi kadiri miaka inavyokwenda, au humwanza mtu ghafla baada ya miaka mingi ya hedhi isiyo na taabu. Huweza kuambatana na damu nyingi mno, maumivu wakati wa kujamiiana, maumivu wakati wa haja kubwa au ndogo, au ugumu wa kupata mimba. Nyuma yake huweza kuwapo endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mji wa mimba kuota nje ya mji huo. Adenomayosisi, ambapo tishu hizo hujipenyeza ndani ya msuli wenyewe. Uvimbe wa fibroidi. Au maambukizi katika via vya uzazi. Endometriosisi pekee inakadiriwa kumpata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hukaa miaka kadhaa wakiambiwa kwamba ni hedhi tu.

Homoni hutulizaje maumivu hayo?

Kwa kukata mzizi. Njia za homoni hufanya ukuta wa ndani wa mji wa mimba ubaki mwembamba, na nyingi kati yake huzuia pia yai lisipevuke na kuachiliwa. Ukuta mwembamba hutoa prostaglandini chache, msuli haujikazi sana, damu hupungua, na maumivu hupungua pamoja nayo. Dawa ya kutuliza maumivu hupambana na kilichokwisha kuanza. Homoni hupunguza kinachoanza.

Tiba hii si ugunduzi wa jana, wala si matumizi ya kupindisha dawa. Kidonge cha kwanza cha aina hii kiliidhinishwa Marekani mwaka 1957 kwa ajili ya matatizo ya hedhi. Idhini ya kukitumia kuzuia mimba ilikuja baadaye, mwaka 1960. Kwa maneno mengine, kutibu hedhi ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza kwa kibali, ingawa jina lililobaki midomoni mwa watu ni lile la pili.

Je, ni lazima nianze na homoni?

Hapana. Wengi huanza na dawa za kutuliza maumivu za kundi la ibuprofeni, asidi ya mefenamiki na naprokseni, ambazo huzuia utengenezaji wa prostaglandini. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kungoja. Mtu hulala amejikunja na chupa ya maji ya moto tumboni, akijipa moyo kwamba leo yatapita, na anapomeza kidonge saa tano baadaye prostaglandini zimekwisha kuenea. Kisha husema dawa haimsaidii. Dawa hizi humezwa mara tu dalili ya kwanza inapoonekana, au siku moja kabla kwa anayeijua tarehe yake vizuri, na huendelea kwa saa zilizopangwa kwa siku 2 au 3. Kwa mtu mzima, ibuprofeni huwa miligramu 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, pamoja na chakula, bila kuzidi miligramu 1,200 kwa siku pasipo ushauri wa daktari. Hazimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mwenye pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, lakini kwa maumivu haya nguvu yake ni ndogo.

Joto juu ya tumbo husaidia kweli, na mazoezi ya mara kwa mara pia. Homoni huingia pale dawa hizo zinaposhindwa au zisipomfaa mtu, au pale ambapo anahitaji pia kuzuia mimba. Zinaweza kutumiwa pamoja. Si lazima kuacha moja ili kupata nyingine.

Binti yangu hajaanza kujamiiana. Je, vidonge hivi vinamfaa?

Vinamfaa, iwapo hana kizuizi cha kiafya. Kinachotibiwa ni maumivu, na mji wa mimba unaouma hauulizi kama mwenye nao ana mwenzi. Vidonge haviathiri ubikira, na kuvianza hakuhitaji uchunguzi wa sehemu za siri. Kinachohitajika ni historia ya afya yake na ya ndugu zake wa karibu, pamoja na kupimwa shinikizo la damu.

Wazazi wengine huhofu kwamba vidonge vitafungua mlango wa ngono. Hofu hiyo inaeleweka, lakini ni vyema ipimwe pamoja na upande wa pili: binti anayekosa masomo siku 2 kila mwezi hupoteza zaidi ya siku 20 kwa mwaka. Ni afadhali mzazi aende naye kliniki na kuuliza mbele ya mhudumu yale yote yanayomsumbua, kuliko binti kuazima kwa rafiki vidonge ambavyo havikuandikwa kwa ajili yake.

Njia ni nyingi. Zinatofautianaje kwa upande wa maumivu?

Vidonge vyenye homoni mbili, yaani estrojeni na projestini (homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni), ndivyo vinavyoanzwa mara nyingi. Pakiti iliyozoeleka ina vidonge 28 katika safu nne: 21 vyenye dawa, na 7 vya rangi tofauti ambavyo havina homoni na vimewekwa ili mkono usisahau mazoea ya kila siku. Damu hutoka wakati wa hivyo 7, na kwa kawaida huwa kidogo na yenye maumivu hafifu. Kibandiko cha ngozini, kinachobadilishwa kila wiki, na pete laini inayokaa ukeni kwa wiki 3 hufanya kazi kwa homoni zile zile. Tofauti ni kwamba hakuna cha kumeza kila siku.

Vidonge vyenye projestini peke yake huwafaa wasioweza kutumia estrojeni, wakiwemo wengi wanaonyonyesha. Vyenye projestini iitwayo desojestreli huzuia upevukaji wa yai karibu katika kila mzunguko na hivyo hutuliza maumivu vizuri kuliko vile vya zamani. Damu yake haina ratiba: wengine huikosa kabisa, wengine huona matone siku yoyote.

Sindano ya kila miezi 3 hukomesha hedhi kwa takriban nusu ya watumiaji baada ya mwaka mmoja, na pasipo hedhi maumivu yake hayana pa kushika. Ina gharama zake mwilini, hata hivyo. Hupunguza uzito wa mifupa kwa muda, jambo ambalo hurekebika baada ya kuacha lakini huwafanya wahudumu wengi wasiipe kipaumbele kwa msichana ambaye mifupa yake bado inajengeka. Uzazi pia huchelewa kurudi baada yake. Na ikishachomwa haiwezi kutolewa. Mwenye kupata madhara hana budi kusubiri yaishe.

Kipandikizi, kijiti kimoja au viwili chini ya ngozi ya mkono, hudumu miaka 3 hadi 5 kutegemea aina yake. Wengi hupata nafuu ya maumivu, lakini ni vigumu kutabiri jinsi damu itakavyotoka, na kutokwa damu ovyo ndiyo sababu kuu ya watu kurudi wakiomba kitolewe.

Kitanzi chenye homoni hutoa projestini moja kwa moja ndani ya mji wa mimba kwa miaka 3 hadi 8, kutegemea aina. Kwa mwenye maumivu pamoja na damu nyingi, kwa maoni yangu hiki hakipewi nafasi inayostahili. Siku ya kuwekwa huuma, na miezi ya kwanza huweza kuleta mikazo na matone, kisha hali hutulia. Kisichanganywe na kitanzi cha shaba. Kitanzi cha shaba hakina homoni, na huweza kuongeza damu na maumivu. Mtu mwenye tumbo kali la hedhi aliyewekewa kitanzi na hali yake ikawa mbaya zaidi anapaswa kwanza kuuliza aliwekewa kipi.

Naweza kuruka hedhi kabisa? Damu itakwenda wapi?

Damu haiendi kokote, kwa sababu haijatengenezwa. Wengi huwaza tumbo kama mtungi unaojaa, na kwamba usipomwagwa kila mwezi utaoza. Ukweli ni kwamba ukuta wa mji wa mimba haukujengeka, kwa hiyo hakuna cha kubomoka. Hata ile damu ya wiki ya vidonge visivyo na dawa si hedhi halisi. Ni mwitikio wa mwili kwa homoni zilizokatishwa, na hakuna faida ya kiafya inayodai itoke kila mwezi.

Kwa hiyo anayetumia vidonge vya homoni mbili vyenye kipimo kile kile katika kila kidonge anaweza, kwa kuelekezwa na mhudumu, kuviruka vile 7 na kuanza pakiti mpya moja kwa moja. Kwa maumivu, utaratibu huu mara nyingi hushinda ule wa kawaida, kwani maumivu yaliyobaki huwa yamejificha katika wiki hiyo ya mapumziko. Matone ya damu hujitokeza miezi ya mwanzo na hupungua kadiri mwili unavyozoea.

Nani hapaswi kutumia njia zenye estrojeni?

Estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia homoni wala hawana mimba, takriban 2 hupata tatizo hilo kwa mwaka. Kati ya wanaotumia vidonge vya homoni mbili, ni 5 hadi 12 kutegemea aina ya projestini iliyomo. Wakati wa ujauzito na wiki za kwanza baada ya kujifungua hatari ni kubwa kuliko hiyo. Kwa mtu mwenye afya njema hatari ni ndogo, ila kwa watu fulani si ndogo hata kidogo.

Wasizitumie wale waliowahi kuganda damu miguuni au kwenye mapafu, waliowahi kupata kiharusi au ugonjwa wa mishipa ya moyo, wenye saratani ya matiti, wenye ugonjwa mkali wa ini, wenye shinikizo la damu lililo juu, wavutaji wa sigara wenye umri wa miaka 35 na zaidi, na waliojifungua karibuni, hasa wanaonyonyesha mtoto wa chini ya wiki 6. Kuna kundi jingine ambalo husahaulika kwa urahisi: wenye kipandauso kinachotanguliwa na dalili za macho, kama vile kuona vimulimuli au mistari ya kukunjamana, au kufa ganzi upande mmoja, kabla ya kichwa kuanza kuuma. Kwao estrojeni huongeza hatari ya kiharusi. Mhudumu asipouliza kuhusu kichwa, mgonjwa alitaje mwenyewe. Wengi wa waliotajwa hapa bado wana njia za projestini peke yake za kuchagua, isipokuwa mwenye saratani ya matiti, ambaye hushauriwa kuepuka homoni zote hizi.

Anayetumia njia yenye estrojeni na kuona mguu mmoja umevimba na kuuma, kifua kinabana, pumzi inakatika, kichwa kinauma kuliko alivyowahi kuumwa, au macho, maneno au upande mmoja wa mwili unapoteza nguvu, aende hospitali saa hiyo hiyo na aeleze anatumia dawa gani.

Madhara ya kawaida ni yapi?

Kichefuchefu, matiti kujaa, kichwa kuuma na matone ya damu katikati ya mwezi ndiyo malalamiko ya miezi 2 au 3 ya kwanza, na mengi huisha yenyewe. Kumeza kidonge usiku baada ya chakula hupunguza kichefuchefu. Kuhusu unene, vidonge, kibandiko na pete havijaonyesha kuongeza uzito kwa kiasi cha maana. Sindano huongeza kwa baadhi ya watu. Wapo wanaobadilika hisia na kuwa na huzuni, na hao hawapaswi kuambiwa kwamba ni mawazo tu: njia ibadilishwe.

Je, nitakuwa mgumba?

Hapana. Baada ya kuacha vidonge, kibandiko, pete, kipandikizi au kitanzi, uwezo wa kupata mimba hurudi haraka, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Sindano ndiyo yenye subira: huweza kupita miezi 9 hadi 10 tangu sindano ya mwisho, pengine hata mwaka. Huenda uvumi wa ugumba unatokana na sindano hiyo, na pia na wanawake waliokuwa na endometriosisi isiyojulikana, ambao walitumia homoni kwa sababu ya maumivu, wakaacha, wakakuta mimba haiji, kisha dawa ikabebeshwa lawama ya ugonjwa.

Na saratani?

Vidonge vya homoni mbili hupunguza hatari ya saratani ya ovari na ya ukuta wa mji wa mimba, na kinga hiyo hudumu miaka mingi baada ya kuacha. Huongeza kidogo hatari ya saratani ya matiti wakati wa matumizi, na ya mlango wa kizazi kwa anayevitumia miaka 5 au zaidi. Hatari hizo hupungua baada ya kuacha. Uchunguzi wa mlango wa kizazi uendelee kwa ratiba yake.

Nikisahau kidonge?

Kimeze mara unapokumbuka na uendelee na pakiti, hata kama siku hiyo utameza viwili. Anayetumia kwa maumivu tu hupata usumbufu wa matone ya damu na si zaidi. Anayetegemea vidonge kuzuia mimba, akikosa viwili au zaidi vya homoni mbili mfululizo, atumie pia kondomu kwa siku 7. Vidonge vya projestini vina muda mfupi zaidi wa kuchelewa, na aina za zamani huvumilia saa 3 tu. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, meza kingine. Kondomu inahitajika pia kwa sababu nyingine: hakuna homoni inayokinga magonjwa ya zinaa.

Kuna dawa zinazogongana nazo?

Zipo. Rifampisini ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi. Lamotrijini, nayo dawa ya kifafa, huenda kinyume: estrojeni ndiyo inayoipunguza yenyewe, na kifafa kinaweza kurudi. Antibiotiki za kawaida kama amoksilini hazina shida hiyo.

Nisubiri muda gani, na nifanye nini nisipopata nafuu?

Ipe njia uliyoanza miezi 3, na katika muda huo andika. Daftari dogo linatosha: "Siku ya 1: maumivu 8 kati ya 10, nimetapika mara moja, vidonge viwili vya ibuprofeni, sikwenda kazini. Siku ya 2: maumivu 5, nimeweza kutembea." Mistari kama hiyo ya miezi mitatu humwambia daktari mengi kuliko sentensi "huwa inaniuma sana", na humzuia mgonjwa mwenyewe kusahau hali ilikuwaje.

Ikiwa baada ya miezi 3 hadi 6 ya matumizi sahihi maumivu bado yanakulaza, hilo lenyewe ni jibu: linaelekeza kwenye chanzo kingine, na hatua inayofuata ni uchunguzi, si kuvumilia pakiti nyingine. Kipimo cha ultrasaundi huonyesha fibroidi na baadhi ya uvimbe wa ovari, lakini endometriosisi huweza kuwapo na picha ikatoka safi kabisa. Kuithibitisha wakati mwingine huhitaji daktari achungulie ndani ya tumbo kwa kamera kupitia tundu dogo. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba picha haina kitu, uliza kinafuata nini.

Aliyepata nafuu naye ajue kwamba homoni hutuliza zinapotumiwa. Akiacha, mizunguko hurudi na maumivu huweza kurudi nayo, ingawa kwa wengi hupungua kadiri umri unavyosogea au baada ya kuzaa. Hakuna idadi ya miaka ambayo mtu mwenye afya hulazimika kupumzika katikati. Shinikizo la damu lipimwe angalau mara moja kwa mwaka kwa anayetumia estrojeni, na njia iangaliwe upya kila hali ya afya inapobadilika.